Chekeche Lisilojua Ngano

Je, mtu aliyesimama katikati ya ngano, mwenye ngano kwenye nyusi na ndani ya viatu, anaweza kumwambia mgonjwa, "Kula, hii haina ngano"? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi msimu wote wa mwisho niliofanya kazi kwenye meza yetu ya kuokea mikate pale Mirongo. Nililala nalo, nikaamka nalo. Mimi ni mtu anayeweza kurudi nyumbani kutoka kituoni ili kuhakikisha kama alifunga mlango, kisha akifika tena kituoni anaanza kujiuliza kama aliufunga vizuri aliporudi. Sasa mpeni mtu wa namna hiyo swali kama lile, muone.

Pendo na Shija, siku mliponiaga kwa kitenge na soda mliniita mstaafu, mkacheka, maana sijafika hata miaka thelathini. Mzee Lameck hakucheka. Alisema mtu akiiacha meza, awe mzee au kijana, ni mstaafu wa meza hiyo, na mstaafu hana budi kuwaachia wanaobaki alichojifunza. Ndiyo maana ninaandika. Habari za mshahara ninaziruka kwa sababu mnazijua. Za vyeo ninaziruka kwa sababu havikuwepo.

Siku yangu ya kwanza nilikuja nimevaa sketi nyeusi. Nilikuwa nimeitafakari sketi ile sana. Ya kijivu ingenionyesha mtu asiyejali, ya bluu ilikuwa fupi, basi nyeusi ndiyo ya mtu makini. Sikuwaza hata mara moja kwamba ninakwenda mahali penye unga. Mzee Lameck alikuwa mbele ya tanuri, mgongo kwangu, anahesabu mikate kwa Kijita. Alipogeuka aliitazama sketi kabla ya kunitazama mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jina?"

"Doto."

"Kulwa yuko wapi?"

"Pacha wangu ameolewa Geita."

"Na wewe umesoma nini?"

"Sayansi ya chakula, mzee. Shahada."

"Vizuri. Itundike shahada pale kwenye msumari, uchukue chekeche."

Nikachekecha unga asubuhi nzima. Kufikia mchana sketi ilikuwa imepata ile rangi ya kijivu niliyoikataa nyumbani.

Chuoni nilikuwa nimejibu maswali kuhusu gluteni, ile protini ya ngano, na nikapata alama nzuri. Niliweza hata kuichora. Ila sikuwahi kuishika. Mzee Lameck alinipa donge la unga uliokandwa, akaniambia nilivute taratibu mbele ya dirisha mpaka nione mwanga upande wa pili. Likakatika. "Bado. Kanda." Nikakanda mpaka mabega yakaniuma, nikavuta tena, likakatika. Mwishowe likafunguka kama utando, jembamba, bila kutoboka, na nikauona mti wa nje kupitia ndani yake. "Hicho kinachovutika," alisema, "ndicho kinachoushika mkate. Ukikikosa unachoma tofali." Basi kwa miaka iliyofuata kazi yangu ikawa kukitafuta hicho kinachovutika. Sikujua kwamba siku moja nitaombwa kukifukuza.

Niwaachie na mambo madogo kabla sijasahau. Tanuri letu lina kona ya nyuma, kushoto, inayounguza. Msibishane nayo, ipeni mikate ya wateja wanaopenda ganda gumu. Mkate ukiwa tayari, ugeuze, uugonge chini kwa kidole, usikilize. Ukilia kama mlango wa chumba kitupu, umeiva. Chekeche halioshwi na kurudishwa kazini likiwa bichi, linakung'utwa. Na krimu ya keki haipelekwi kwa bodaboda saa nane mchana, hata mteja aape kwamba ni hapo tu Kirumba. Niliwahi kuipeleka keki ya kipaimara namna hiyo. Ilifika ikiwa na umbo la kisiwa, na mama mwenye sherehe, Mungu ambariki, akawaambia wageni kwamba ndivyo alivyoiagiza, ni Ukerewe.

Bahati alikuja asubuhi moja akiwa na shangazi yake. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye sauti ya kuwanyamazisha watoto bila kuipandisha. Shangazi yake, Minza, ndiye aliyemlea. Ni mama wa Kisukuma mnene, anayeishi Kirumba juu ya mawe, na ambaye huongea na kila mtu kana kwamba wamekutana sokoni. Bahati hakuingia ndani. Alisimama nje ya mlango, akavuta mtandio puani, akaniita kwa mkono.

"Dada, samahani, nikiingia humo nitaumwa," alisema. "Nina ugonjwa wa tumbo usiotaka ngano. Hata kidogo. Hata shayiri. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa vidonda vya tumbo."

"Na uchawi," aliongeza Shangazi Minza. "Tulitibu na uchawi. Tulipoteza mbuzi bure."

Daktari mmoja ndiye aliyempeleka kwenye vipimo vinavyostahili, na tangu aache ngano alikuwa amerudi kuwa mtu. Ndani ya miezi michache alipata nguvu ya kupanda ngazi za shule, kisha akapata mchumba, Novatus, kijana wa Kihaya, mtu wa benki pale Nyamagana. Sasa sendofu yake, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ilikuwa inakaribia, na alitaka keki.

Nikaanza, kama kawaida yangu, kumhesabia vitu vingine vitamu. Kashata je? Vitumbua vya mchele?

"Kashata ninakula," alisema. "Ubuyu ninakula. Ndizi mbivu ninakula mpaka wanafunzi wameanza kuniita tumbili. Nataka keki, dada Doto. Nataka kitu kinachokatwa kwa kisu watu wakipiga makofi, na mimi nikiwemo."

Nikasema basi tutatengeneza keki kubwa ya wageni na kakeki kadogo kake pembeni. Shangazi Minza alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, wewe hujawahi kwenda sendofu? Si lazima amlishe baba yake mdogo, anilishe mimi, awalishe wakwe, nasi tumlishe? Kijiti hiki hiki, mkono huu huu. Kakeki kadogo pembeni, wakwe si watauliza?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Wakwe hawakuwa wanajua. Novatus alijua, lakini mama yake, aliyekuwa akija kutoka Bukoba na ukoo mzima, hakuambiwa. Shangazi alikuwa ameamua hivyo. "Watasema tunawapa binti mgonjwa," alisema, na kwa mara ya kwanza alipunguza sauti. "Miaka ile alipokuwa akikonda, kuna mchumba mwingine alikuja. Mama yake alimtazama mara moja tu, hawakurudi. Sitaki kuyaona tena macho yale." Bahati alitazama chini. Basi keki nzima, ya watu wote, iwe haina ngano, na pasiwe na mtu hata mmoja atakayeligundua hilo.

Nilisema nitajaribu. Mtu mwenye wasiwasi hujua kusema "nitajaribu" kwa namna inayosikika kama "ndiyo", kisha hutumia siku zinazofuata kujuta.

Mzee Lameck hakuliamini jambo lenyewe. "Mtu hawezi kuugua kwa mkate," alisema. "Mkate ni mkate. Hata Misa inasomwa kwa mkate." Nilimweleza jinsi kile kinachovutika, kikifika kwenye utumbo wa mtu kama Bahati, mwili unavyokipiga vita na kujiumiza wenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo ni shahada inaongea," akaenda kufungua tanuri.

Keki ya kwanza ya unga wa mchele ilitoka kama tofali, kama alivyotabiri. Ya pili ilikuwa mchanga, ukiigusa inarudi pwani. Nikaongeza mayai. Nikapika uji mzito wa muhogo, nikaupoza, nikauchanganya ndani ili ushike mahali pa kile nilichokifukuza. Hapo ikaanza kukatika vizuri. Nikasoma lebo za kila kitu, hata baking pauda, maana nyingine huchanganywa na wanga na lazima ujue ni wanga wa nini. Nilitumia sufuria mpya. Niliifuta meza yetu mara nyingi kuliko padri anavyofuta kikombe. Nikampelekea Bahati kipande.

Aliumwa. Hakuweza kwenda shule wiki ile, na nilipokwenda kumwona nilimkuta amelala ubavu, magoti yamefika kifuani, na Shangazi Minza amekaa kitandani akimpapasa mgongo. Bahati hakunilaumu. Alisema, "Lakini ilikuwa tamu," na ndiyo sentensi iliyonichoma kuliko zote nilizowahi kuambiwa kazini.

Nikaanza kutafuta ngano ilikoingilia. Niliukagua kila mfuko. Mwishowe nilikwenda mashineni pale nilikosagisha mchele, nikasimama tu kwenye foleni bila mzigo, nikitazama. Mbele alikuwepo mama mwenye ndoo ya nafaka za uji wa lishe wa mtoto: mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano. Mashine ikanguruma, ndoo yake ikajaa. Nyuma yake akaingia mwingine na mahindi yake matupu, na kilo ya kwanza iliyotoka ilikuwa na rangi ya mtu aliyetangulia. Mwenye mashine akalipiga bomba kofi, akasema, "Ni uchafu kidogo tu, mama, utaisha." Ndiyo ilivyo siku zote. Kila mmoja huondoka na kiganja cha jirani yake. Nyumba zote huishi hivyo bila madhara, isipokuwa nyumba ya Bahati.

Ningefurahi kama ingekuwa hilo peke yake. Lakini niliporudi kazini mchana ule jua lilikuwa linaingia kwa ubavu dirishani, nikaona unga unaelea hewani, mweupe, unashuka polepole juu ya meza niliyokuwa nimeifuta asubuhi. Ni mashine au ni hewa yetu? Sikujua, na mpaka leo sijui. Labda ni vyote.

Nilimwambia Shangazi Minza kwamba keki haiwezi kuokwa Mirongo. Hakubishana. "Basi hamia kwangu," alisema. "Nina kinu. Tangu kichongwe kimetwanga karanga na kisamvu. Ngano kitaijulia wapi?"

Tuliifanyia keki ile kazi Kirumba, nyuma ya nyumba yake, juu ya jabali lililotulia kama ng'ombe aliyelala. Tuliloweka mchele, tukaukausha nusu juu ya kitambaa safi, tukautwanga. Shangazi anatwanga kwa kuimba. Mimi ninatwanga kwa kuwaza kama nimenawa. Siku ya majaribio alinitolea bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, kama vile vya kwetu tulivyokuwa tukila njiani kwenda shule. Nilikuwa ninavitafuna tu, mpaka nikaona jinsi vinavyolainika mdomoni na kuacha utamu wa asali iliyoungua kidogo. Tukavitwanga navyo, tukachekecha, tukatia kikombe kwenye unga wa mchele. Keki ikatoka ya kahawia, laini, na siku ya pili yake ilikuwa bado haijakauka, jambo ambalo keki ya mchele haina adabu ya kulifanya. Ukitaka kuijaribu: mayai yapigwe mpaka yasimame yenyewe, uji wa muhogo uwe umepoa kabisa, na moto uwe wa chini. Keki hii haitaki haraka.

Bahati alikula kipande. Tukasubiri. Siku ikapita, na nyingine, na alikwenda shule siku zote.

Chekeche nililotumia lina habari yake. Nilipomweleza Mzee Lameck kwamba siwezi kuchukua la kazini, aligeukia tanuri. Kesho yake alinikabidhi kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na chekeche jipya, lenye waya unaong'aa. "Hili halijui ngano," alisema. "Usije ukalileta humu." Nikamuuliza kama sasa ameamini. "Nimeamini nini? Nimemwona yule binti anasimama nje ya mlango na kitambaa puani anatutazama tunavyotoa mikate. Mtu hafanyi hivyo kwa maringo."

Siku ya sendofu nilivaa vizuri, nikajifanya mgeni, nikakaa karibu na meza ya keki. Nilikuwa nimewaza kila kitu. Umeme ukikatika. Krimu ikilegea. Vijiti vya kulishia nilivinunua mimi, kisu nilikuja nacho mimi, hata kitambaa cha meza kilitoka kwa Shangazi. Mpiga picha alipoegesha andazi lake pembeni ya keki, nililiondoa kwa leso kama mtu anayetoa nge.

Bahati alikata, watu wakapiga makofi. Alikula kipande cha kwanza akiwa amefumba macho. Akamlisha baba yake mdogo, akamlisha shangazi, nao wakamlisha. Nilianza kupumua. Ndipo mshehereshaji akapaza sauti: "Wageni wetu kutoka Kagera hawakuja mikono mitupu!" Mlango ukafunguliwa, na wanawake wanne wa Kihaya wakaingia wakicheza, wamebeba keki nyeupe ya ghorofa mbili.

Katika mambo yote niliyoyawaza, hilo halikuwemo.

Mama Novatus alikuwa mbele. Ni mama mrefu, wa miwani, mwenye hatua za mwalimu wa zamu. Aliikata keki yake mwenyewe, akachoma kipande kwa kijiti, akaanza kumwendea Bahati huku mkono wa pili umekinga chini makombo yasianguke. Ukumbi ukapiga vigelegele. Bahati alikuwa anatabasamu, lakini nilimwona akishika ukingo wa meza. Kukataa keki ya mama mkwe mbele ya ukoo wake wote, usiku wa kwanza! Na kuila, alijua ingemfanya nini. Nilitaka kusimama. Niliwaza niseme nini, nianze na "samahani" au na "shikamoo", na nilipokuwa bado ninachagua, kijiti kilikuwa kimefika usawa wa kidevu cha Bahati, naye alikuwa anaanza kufungua mdomo.

"Wee! Wee! Wee!" Shangazi Minza alikuwa amesimama kati yao, kilemba kimepinda. "Wakwe zangu, mnataka kutuletea balaa? Kwetu Usukumani keki ya mkwe haimgusi binti kabla shangazi hajaila!"

"Haimgusi kabla shangazi hajaionja?" aliuliza mshehereshaji.

"Hajaila, nimesema. Sio kuonja. Kuonja ni kwa paka." Akafungua mdomo, akakifuata kijiti, akakila kile kipande. "Lete kingine, dada."

Ukumbi ulilipuka. Upande wa Wahaya mtu mmoja akapaza sauti, "Wasukuma hawa, hata mila zao zinakula!" na upande wetu wakamjibu, "Nyinyi mlete, sisi tumalize!" Mama Novatus alicheka mpaka akavua miwani. Akamlisha cha pili, na cha tatu. Wazee wetu wa Kisukuma, ambao walikuwa wanaisikia mila hiyo kwa mara ya kwanza kama mimi, walitikisa vichwa kwa uzito, ndiyo, ndivyo ilivyo. Sehemu iliyobaki Shangazi aliamuru ifungwe, "ni ya kwangu, mila haikatwi katikati." Kisha Bahati akachukua kijiti safi, akamlisha mama mkwe keki yetu ya kahawia. Mama Novatus alitafuna, akaacha kutafuna, akaitazama. "Hii ni nini?" aliuliza. "Ni tamu kama kitu ninachokijua."

Nilidhani limeisha. Jumatatu Mama Novatus aliingia pale Mirongo, akaniulizia kwa jina. Pendo, wewe ndiye uliyekuja kuniita, ukasema, "Kuna mwalimu mkuu anakutafuta, umefanya nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeoka ile keki ya kahawia?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ya kuja kuposa, yule shangazi alikunywa chai kavu, bila sukari. Nikamuuliza, akaniambia ana sukari, daktari amemkataza hata soda. Mtu anayekunywa chai kavu hali vipande vyangu vyote kwa ajili ya mila." Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Kuna kitu kwenye keki yangu kilichokuwa hakimfai yule binti. Niambie wewe, maana wao wameniona mimi ni wa kuogopwa."

Nikisema, nimeitoa siri ya mtu. Nikinyamaza, huyu mama ataondoka akidhani aliogopwa kwa uchawi au sumu. Yaliyopita kichwani sitayaandika yote, karatasi hazitoshi. Nilimwambia, "Mama, hilo ni lake, siwezi kulisema mimi. Lakini ninaweza kumpigia simu aje."

Bahati alikuja na kusimama nje ya mlango kama kawaida yake, mtandio puani. Mama Novatus akatoka kumfuata, na wakasimama juani, mimi katikati. Bahati alisema yote, tangu minyoo mpaka mbuzi. Alisema mwishoni, "Mama, kama mnaona siwafai, mseme sasa."

"Novatus anajua?"

"Anajua, mama."

"Kwa hiyo mjinga ni mimi peke yangu." Bahati akawa anatazama viatu vyake. Kisha yule mama akamwondolea mtandio puani, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. "Sisi tunakula nini kwetu, mwanangu?"

"Ndizi, mama."

"Asubuhi?"

"Ndizi."

"Umewahi kuona ngano kwenye ndizi? Katika familia zote za Kanda ya Ziwa mmeipata ile isiyo na shida na ngano, halafu mkaificha jambo hili." Alitaka kucheka, ikashindikana, akamkumbatia. Mikono yake ilikuwa imetoka kushika kiti chetu, na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya machozi yale nilikuwa ninawaza kama kile kiti kilikuwa na unga.

Akanigeukia. "Krismasi hawa wawili watakuja Bukoba. Nataka keki ile ile, na nyingine ya kupeleka shambani kwa bibi yake Novatus. Halafu kila ukoo ukikutana, nitakuagiza." Alichungulia ndani kupitia mlango: meza nyeupe, mikono ya Shija myeupe mpaka kwenye viwiko, Mzee Lameck anapuliza unga kutoka kwenye mizani, na jua limesimamisha vumbi lote hewani. "Unaiokea humu?" aliuliza.

Lilikuwa ndilo swali langu. Mtu mwingine alikuwa ameliuliza kwa sauti, mchana kweupe, na ajabu yake halikuwa gumu.

"Hapana, mama," nikasema. "Humu haiwezekani."

Niliingia ndani nikamwambia Mzee Lameck kabla sijapata nafasi ya kuliwaza. Alipangusa mikono. "Umestaafu kabla yangu," alisema. "Nilikufundisha kukivuta, sasa nenda ukafundishe watu kuishi bila hicho." Kisha akanituma nimalizie mikate ya jioni, kwa kuwa nilikuwa bado zamu.

Sasa ninaokea katika chumba cha nyuma cha Shangazi Minza. Kuna kinu, jiko, meza moja, na chekeche la Mzee limetundikwa kwenye msumari, pale ambapo pengine ningetundika shahada. Kuna watu zaidi ya Bahati, kumbe. Yupo mtoto wa Igoma, yupo bibi mmoja ambaye alikuwa hajala kitu kitamu chenye mshumaa tangu wajukuu wake wazaliwe. Shangazi hali. Ananusa tu, anasema harufu haina sukari.

Pendo, wiki iliyopita ulipanda mawe yote yale kuja kuniona, moja kwa moja kutoka zamu, na maandazi ya moto ndani ya mfuko kwa sababu unajua ninavyoyapenda. Nilikuona ukitabasamu na ngano kwenye nyusi, kama mimi zamani. Uliona nimesita, na najua ulidhani ninawaza tena. Sikuwa ninawaza. Nilikuja mpaka mlangoni, nikaufunga nyuma yangu, nikakukalisha juu ya jabali, tukayala maandazi yote huko nje wawili. Kisha nikakuletea maji na sabuni, kitambaa cha kichwa, na khanga safi ya kubadilisha. Na mimi mwenyewe nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikabadilisha yangu, ndipo nikaufungua mlango.